Mwaka Shamba la Shangazi Lilipokwenda Benki

Tulimzika shangazi Filomena mwezi uliopita, kijijini Kisawasawa, na siku chache baada ya maziko wanawe wakakaa kwenye mkeka kuzungumzia alichoacha. Mimi nilikuwa pembeni nasugua masufuria kwa majivu, masikio yote yapo kwao. Walipofika kwenye shamba la mpunga la bondeni, mkubwa wao, Protasi, akasema shamba hilo halina neno, halijawahi kuuzwa wala kuwekwa rehani, limetulia tangu enzi za marehemu baba yao. Wenzake wakaitikia. Nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshang'aa. Wao miaka ile walikuwa mbali, kila mmoja na mji wake, na mama yao hakuwa mtu wa kupiga simu kueleza mambo. Shamba hilo lilikaa benki miaka kumi, na lilikwenda huko kwa ajili yangu. Lilirudi salama, kwa hiyo ningeweza kunyamaza mpaka nami nizikwe. Lakini jinsi lilivyokwenda ndiyo jambo linalonisumbua, na sasa anayejua ni mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, muuguzi, sina mume wala mtoto, nimepanga chumba kimoja Ifakara mjini kwa Mama Zuhura. Kuta za vyumba vyake hazikufika juu. Ziliishia chini ya bati kama futi moja, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na mazungumzo mamoja. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho akipiga chafya, tulimwitikia vyumba vyote. Jioni tulipikia uani, kila mtu na jiko lake la mkaa, na Mama Zuhura alipita akionja mboga za watu bila kuomba. Mchuzi wangu wa kambale ukiwa na ndimu ya kutosha alinisifia, ukipungua alininunia hadi kesho yake. Nilimpenda, kusema kweli, mpaka siku niliporudi kutoka zamu nikakuta kitanda changu kimesukumwa ukutani na godoro la mpwa wake limelazwa ubavuni. "Ni wiki mbili tu, Skola," aliniambia. "Mtoto wa kike mwenzio." Wiki mbili zikawa miezi miwili. Kodi haikupungua hata shilingi. Siku moja nikiwa nabadilisha sare nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimweleza mgeni wake: "Huyo muuguzi hana pa kwenda. Mshahara anao, nyumba hana." Hakusema kwa ubaya, alisema tu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nilikaa kitandani na sare nusu imevaliwa, nikalia kwa hasira.

Nyumba niliipata Lumemo kabla mvua za vuli hazijachanganya. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyetaka kuhamia kijiji cha Mbingu akalime kokoa. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyopasuka mlangoni, na jiko la nje lenye paa lake lenyewe. Mwalimu alinitembeza polepole, akinifungulia kila dirisha na kulifunga, na mkewe akatuletea wali mkavu na maharage tukala kwenye sebule ile ile. Nakumbuka niliinua macho nikaona kuta zimefika mpaka juu kabisa, zimegusa bati, na nikajua nitainunua hata ikibidi nile ugali na chumvi. Akiba yangu ilikuwa milioni mbili na nusu. Nilipungukiwa milioni kumi.

Afisa mikopo wa benki aliitwa Idi, kijana wa rika langu, shati jeupe, sauti ya chini. Aliniambia mkopo wa nyumba upo, nitalipa kwa kukatwa mshahara kwa miaka kumi, na riba ni asilimia kumi na nane. Nikapiga hesabu kichwani papo hapo nikiwa nimekaa mbele yake, na nikajisikia mjanja: milioni kumi, ongeza milioni moja na laki nane, gawanya kwa miezi mia moja na ishirini. Elfu tisini na nane na kitu kwa mwezi. Nilikuwa nategemea kibaya zaidi. Leo nikisimulia hivi vijana hunicheka, lakini mimi nilikulia kwenye mpunga. Kwetu, mkulima aliyeishiwa mwezi wa pili huchukua gunia moja kwa mwenye nacho, wakakubaliana atarudisha gunia na nusu au mawili akivuna. Nyongeza hutajwa siku ya kukopa na imekwisha hapo. Ukichelewa msimu mzima unaona aibu, unakwepa njia inayopita kwa mwenye gunia lake, lakini gunia na nusu linabaki gunia na nusu. Sikuwahi kuona deni linalozaa tena mwaka unapogeuka. Kwa hiyo sikumuuliza Idi riba hiyo inahesabiwaje, kwa sababu mtu haulizi jambo analodhani analijua.

Nilichokuja kukijua mapema ni kwamba bei ya nyumba si bei ya nyumba. Kabla sijapewa hata senti nilikuwa nimelipia maombi, nimelipia mwanasheria, nimelipia usajili wa rehani, nimelipia bima ya moto na bima nyingine ya kwamba nikifa deni lisimwangukie mtu. Nililipia hata kuapa kuwa sina mume. Benki ilitaka kujua kama yupo mwenzi ambaye lazima aridhie, nami nikasema hayupo, wakasema wanaamini, ila nikaape mbele ya wakili. Wakili akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Hakuna kabisa?" nikamwambia, "Mzee, angekuwepo angekuwa amekaa hapa anashika mkoba." Akagonga muhuri, nikalipa. Siku hizi wauguzi vijana huniletea barua zao za mkopo wakati wa chai, nami huwaambia wasinionyeshe ile namba kubwa ya juu. Wanionyeshe gharama ambazo hazirudi hata mkopo ukikataliwa, halafu wanionyeshe jumla ya siku ya mwisho. Wengi hugundua kuwa jumla hiyo hawajawahi kuiona. Huwa siwacheki.

Mthamini alitoka Morogoro, na nauli yake pia ilikuwa juu yangu. Alipima nyumba kwa utepe, akaandika, kisha akachuchumaa nyuma ya chumba cha pili, akapitisha kidole kwenye mstari wa kahawia uliokuwa usawa wa magoti yangu. Mto Lumemo ulikuwa umewahi kufika pale mwaka mmoja wa mafuriko, na mwalimu alikuwa amepaka chokaa juu yake lakini mstari ukajitokeza. Mthamini aliongeza tu kitu kwenye karatasi zake. Wiki mbili baadaye Idi aliniita akaniambia nyumba imethaminiwa chini ya tulivyotegemea, na peke yake haitoshi kuwa dhamana ya milioni kumi. "Ukipata dhamana nyingine ya kuongezea, dada, tunaendelea. Kiwanja, shamba lenye hati." Nikamwambia lipo. Sijui kwa nini nililisema kwa haraka namna ile, maana shamba lenyewe halikuwa langu.

Shangazi alikuwa na ekari tatu bondeni chini ya Kisawasawa, na kijiji kilikuwa kimempa hatimiliki ya kimila kwa jina lake, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuichomeka chini ya godoro. Msimu wa mpunga alikuwa hakai kijijini. Alihamia shambani kama wengine, akakaa kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, mpaka mavuno yaishe. Nilimkuta mwezi wa kwanza amesimama kwenye tope mpaka mashavu ya miguu, anapandikiza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu hivyo vya hospitali uje unisaidie, au urudi ulikotoka."

Nikavua. Tulipandikiza mpaka jua likawa kali, tukapanda dunguni tukala ugali na perege aliyekaushwa moshini, na hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza vizuri sana, huo ndio ukweli unaoniuma. Nilimweleza kwa magunia ili aelewe. Nilisema benki ni kama mwenye ghala, ila huyu hana roho mbaya: wewe unachukua magunia kumi, unarudisha kumi na moja na madebe machache, na unapewa miaka kumi ya kurudisha. Aliacha kutafuna. "Miaka kumi? Kwa nyongeza hiyo hiyo moja?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka dungu likatikisika. "Hao watu wa benki hawajui biashara, mwanangu. Chukua kabla hawajashtuka." Hakuuliza mengine. Alisema ataenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuomba baraka ya kijiji, na jioni nilipoondoka alinifungashia mchele wa kilo tano, nikaubeba kichwani hadi barabarani nikiimba.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwezi wa pili, Idi alinipa faili zima nikalisome kabla ya kusaini Jumatatu. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza, na mimi nilijivunia Kiingereza changu. Nilianza kuusoma hapo hapo kwenye benchi la kusubiria. Nyuma kabisa paliambatishwa jedwali la marejesho, safu za namba ukurasa baada ya ukurasa, nami nikarudi mezani kwake nimelishika mkononi.

"Kaka Idi, hii karatasi si yangu."

"Jina si lako?"

"Jina langu, hela si zangu. Mimi ni elfu tisini na nane kwa mwezi. Hapa pameandikwa laki moja na elfu themanini."

Aliipokea, akaisoma yote kwa utulivu, akanirudishia. "Riba ni ya kila mwaka, dada. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi, kwa deni linalokuwa limebaki. Wewe ulihesabuje?"

"Mara moja."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Alinigeuzia ukurasa wa mwisho akaniwekea kalamu chini ya jumla, na jumla ilikuwa zaidi ya milioni ishirini na moja. Nikasikia akisema kwamba bado sijasaini, kwamba nikitaka kurudi nyuma leo naweza, gharama nilizolipa hazitarudi lakini nitakuwa huru. Kisha akainamisha kichwa karibu. "Na huyo mama mwenye shamba umweleze upya kabla ya Jumatatu. Wewe ukishindwa unapoteza nyumba ambayo huna bado. Yeye anapoteza alichonacho."

Nilipiga hesabu upya usiku na mchana. Mshahara ungebaki, mwembamba, lakini ungebaki. Ningeweza kulipa kama nisipougua, nisipoachishwa kazi, nisipoolewa na mjinga. Sehemu yangu niliimaliza Ijumaa: nilikubali. Sehemu ya shangazi sikuimaliza. Jumamosi nilijiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili nilikwenda Kisawasawa kumchukua, nikamkuta amechinja kuku, amepika wali mweupe wa mpunga wa mwaka uliopita, amenipakulia paja. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza akanipa maji ya kunywa. Mara ya pili akanionyesha gauni alilolipiga pasi kwa ajili ya benki. Mara ya tatu nikaona nikimwambia atasema hapana, nitarudi kwa Mama Zuhura, nitavua sare mbele ya mpwa wake mpaka nizeeke, nikala paja. Tulilala kitanda kimoja. Yeye alilala fofofo.

Ofisini kwa wakili Jumatatu palikuwa na feni moja, na kila ikigeuka karatasi ziliinuka na kulala. Wakili alimsomea shangazi muhtasari kwa Kiswahili, haraka haraka, rehani, mdhamini, endapo mkopaji atashindwa, kisha akamuuliza kama ameelezwa masharti yote na ameyaelewa. Shangazi alinyoosha mkono akanigusa begani. "Mwanangu huyu ndiye msomi. Kanieleza." Wakili akanigeukia. Idi, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akanitazama. "Nimemweleza," nikasema. Ilikuwa kweli, kama jambo linaweza kuwa kweli mwezi wa kwanza na kuacha kuwa kweli mwezi wa pili. Shangazi akalowesha kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza mahali pote alipoonyeshwa, kwa nguvu, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni, kisha akakifuta kwenye pindo la khanga yake. Doa lile halikutoka. Nililiona miaka yote.

Nilihamia Lumemo mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeota jinsi nitakavyolala mchana baada ya zamu bila kusikia chafya ya mtu, na sasa nililala macho makavu nikisikiliza mvua. Mshahara wa kwanza uliokatwa niliushika mkononi nikauona mfupi kama nguo ya mtoto. Wenzangu walikuja kunipongeza, wakakaa sakafuni wakala pilau, wakasema Skola umetuzidi, na mimi nikacheka nao huku nikijichukia. Nilikuwa na kuta zilizofika juu. Kila nilipozitazama niliona ekari tatu. Maji yalipofika uani mwezi wa nne nilisimama mlangoni na ndoo, na nilichokuwa nawaza si vyombo wala godoro, nilikuwa nawaza kwamba nyumba hii ikianguka, yule mwanamke atatolewa kwenye shamba lake na watu wasiomjua, naye hatajua kwa nini, kwa sababu kwa hesabu yake deni langu lilikuwa dogo.

Mwezi wa sita nilichukua likizo nikaenda kumsaidia kuvuna. Tulikata mpunga siku mbili, mgongo ukaniuma mpaka nikawa natembea nimeinama. Siku ya tatu mchana, tukiwa dunguni tunapumzika, sahani ya wali mpya katikati yetu na dagaa pembeni, nikamwambia. Sikuandaa maneno. Nilisema tu, shangazi, zile hesabu za benki nilikosea, si magunia kumi na moja, ni zaidi ya ishirini na moja kwa kila kumi. Aliendelea kula kidogo. Kisha akauliza, kwa hela zote hizo ni magunia mangapi ya mpunga wenyewe. Nikapiga hesabu kwa bei ya msimu ule, nikasema yanapita mia tatu. Akageuka kuliangalia shamba, akitembeza macho kutoka tuta hadi tuta, na nilijua anachohesabu, maana mwaka mzuri lilitoa arobaini.

"Na miaka ni ile ile kumi."

"Ndiyo."

"Miaka kumi mimi nitakuwa wapi, Skola?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mshahara, kwamba wanakata wenyewe, kwamba sijachelewa hata mwezi, kwamba kuna bima. Akainua mkono nikanyamaza.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Angeniamini, kama siku zote. "Alhamisi," nikasema.

"Kidole nilitia lini?"

"Jumatatu."

"Jumapili ulilala kwangu."

"Ndiyo, shangazi."

"Ulikula kuku wangu huku unajua."

Nikalia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Alisogeza sahani pembeni, akafunga khanga yake kiunoni upya, akakaa akiwa amenipa ubavu, akitazama mpunga uliobaki.

"Shamba ningeliweka," alisema hatimaye. "Mimi Mungu hakunipa binti. Ungekuja Jumapili ile ukaniambia, ningekasirika, ningekutukana, usiku ningekosa usingizi, na asubuhi ningevaa lile gauni tungeenda. Ila ningeliweka mimi. Siku ile shamba langu uliliweka wewe, Skola. Kidole tu ndicho kilikuwa changu."

Akachukua mundu wake, akashuka, akarudi kukata mpunga. Palikuwa na mundu mwingine umechomekwa kwenye nyasi za paa, ule niliokuwa nautumia tangu juzi. Nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu, sijui kama bado nina ruhusa ya kuushika.